UZI: Sisi wa ng'ambo. Kigamboni ya pantoni, na hii ya sasa ya kuta na mageti

Mtoa mada

Wakuu habari za jioni. Juzi kuna jamaa alikomenti kwenye ule uzi wa viwanja kwamba Kigamboni imeanza 2016 daraja lilipofunguliwa, kabla ya hapo lilikua pori la tumbili. Nlicheka kwanza, badae ikanikaa rohoni, maana mimi nimezaliwa Tungi, kitovu changu kimezikwa kule, bibi mzaa mama ni wa Mjimwema na bibi yake yeye alitokea Mbwamaji. Tumbili kweli walikuwepo na mahindi yetu walikula sana, ila na sisi tulikuwepo. Kwa hiyo nashusha uzi, utakua mrefu, mwenye haraka apite.

Kwanza kwa asiyeijua Dar. Bandari yetu ina mlango mwembamba, meli kubwa ikiingia unahisi ukinyoosha mkono unaigusa. Upande mmoja Kivukoni, Ikulu, soko la samaki la Feri, maghorofa yote ya Posta. Upande wa pili ni sisi. Kwa macho ni pale tu. Ila yale maji yanaingia ndani mpaka Kurasini na kupinda huko kwenye mikoko, kwa hiyo kabla ya daraja ukitaka kwenda na gari bila kupanda pantoni, kile kivuko cha watu na magari, ulikua unazunguka Mbagala, Kongowe, Kibada, makilomita kibao, ili ufike sehemu uliyokua unaiona tangu asubuhi. Ukitaka kuielewa Kigamboni anzia hapo, hata tabia zetu zimetokana na hapo.

Sasa historia. Huo mji mnaojivunia ni mtoto mdogo. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga miaka ya 1860, akafariki 1870 majengo mengi hayajaisha, na kabla yake pale palikua kijiji kinaitwa Mzizima. Upande wetu Mbwamaji ilishakuwepo, mji wa Washomvi, wenye msikiti wa mawe na makaburi ya kujengewa ambayo magofu yake yapo mpaka leo. Washomvi wanasema asili yao ni Barawa, huko Somalia, wakaoana na Wazaramo mpaka sasa hivi ukitaka kuwatenganisha utachanganyikiwa mwenyewe. Wazee wanasimulia kwamba Wakamba walipovamia pwani Washomvi waliomba msaada kwa Wazaramo wa bara, wakasaidiwa kweli, ila bei yake ikawa kulipa kila mwaka kitu kinaitwa kanda la Pazi, Pazi ndo mkuu wa Wazaramo. Bibi akikuta wajukuu tunagombania samaki alikua anasema "haya, nani Pazi hapa", na sisi hatukuelewa mpaka tumekua.

Alafu wakaja Wajerumani, 1887 wameingia Dar, 1891 wamehamishia makao makuu kutoka Bagamoyo, na kuanzia hapo mji ukakua upande ule. Hakuna aliyetaka kujenga kitu kwenye upande wa kuvuka maji. Tukabaki na minazi, mikorosho, muhogo na samaki.

Naendelea, ngoja nile kwanza.

Mdau wa Tabata

Ngoja nikae siti ya mbele. Mtoa mada usije ukaingia mitini kama yule wa uzi wa Mbezi.

Mdau wa Mbagala

Hiyo ya nani Pazi nimeipenda bure 😂

Mtoa mada

Nimerudi.

Baada ya uhuru ndo utaona kitu cha ajabu. Serikali ikitaka kuweka kitu ambacho kinahitaji nafasi, au utulivu, au ambacho hukitaki karibu na nyumba yako, kinaletwa Kigamboni. 1961 chuo cha Kivukoni, cha TANU, kuandaa viongozi, kipo huku kwetu ufukweni ukishuka pantoni, leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Walioweka chuo pale walijua wanachofanya, mwanafunzi akitaka kutoroka kwenda disko mjini ni lazima asubiri pantoni na mkuu wa chuo anaweza akawa kapanda hiyo hiyo. 1966 kikaja kiwanda cha kusafisha mafuta, TIPER, cha ubia na Waitaliano. 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, linaanzia kwetu linakwenda mpaka Ndola Zambia, kilomita 1,710, ile Zambia inatafuta njia baada ya Wazungu wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao. Na kambi ya wanamaji.

Sisi watoto tulikua tunaijua TIPER kwa moto. Usiku lile dohani refu la kiwanda linawaka juu, ukiwa umetumwa dukani unatembea kwa mwanga wa mafuta wakati nyumbani kwenu kuna koroboi. Mwishoni mwa miaka ya 90 walipoacha kusafisha mafuta pakabaki pa kuhifadhia tu, na mimi nakumbuka giza lile kuliko tangazo lolote la redio. Mjomba alikua kibarua pale, akarudi kwenye ngalawa.

Alafu kuna Gezaulole. Jina ni la Kizaramo, geza ulole, jaribu uone. Kilikua kijiji cha ujamaa cha mwanzo mwanzo kwa upande wa Dar, watu wasio na kazi mjini waliletwa wakalime. Wengine walikimbia wiki ya kwanza, walijaribu wakaona 😂. Waliobaki wajukuu zao ndo wenyeji wa leo, kwa hiyo mtu akikwambia wa Geza wote ni Wazaramo muulize babu yake alishuka na lori gani.

Mdau wa Mbezi Beach

Hebu tuambie ya pantoni, hizi za serikali tumezisoma shuleni.

Mtoa mada

Shuleni hukuzisoma mkuu, usidanganye watu.

Haya, pantoni. Mtu wa mjini anaipanda anapiga picha anaweka status. Kwetu sisi ndo ilikua saa ya ukutani. Ulikua huulizi mtu anarudi saa ngapi, unauliza anarudi na pantoni ya ngapi. Asubuhi saa kumi na moja na nusu watu wamejaa kwenye lile banda, geti limefungwa kwa mnyororo, mbele wamekaa kina mama wa samaki na ndoo tupu, nyuma yao wanafunzi, alafu wazee wa ofisini na bahasha, na kila mtu anaangalia mkono wa yule kijana mwenye funguo. Akigusa mnyororo tu watu wanaanza kusukuma. Geti likifunguka ni mbio, mbio za kweli, mama mzima na mtoto mgongoni anakupita, kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kusimama upande wa mbele ili ngazi ikishuka mjini awe wa kwanza kukimbia tena kwenye daladala. Safari yenyewe dakika chache tu. Mimi mpaka leo, nina miaka 40 na zaidi, nikisikia mnyororo unaburuzwa popote pale moyo unaruka.

Na bahari ilikua na sauti kwenye ratiba. Siku za bamvua maji yakitoka sana, ile njia ya kushukia inakua mwinuko, magari madogo yanaburuza bampa, lori likinasa hapo basi mnakaa. Pantoni ikizima injini katikati mnaanza kusogea taratibu kuelekea nje baharini, hakuna anayeongea, alafu mzee mmoja anaanza kusoma dua kwa sauti na hapo ndo watu wanaogopa kweli.

Harusi ya mamdogo wangu, miaka ya 90, bwana harusi wa Buguruni. Ndoa ilipangwa baada ya Alasiri. Wao wamefika Feri upande wa mjini wamevaa kanzu, maua kwenye gari, kwaito juu, pantoni imeharibika. Nyingine haipo. Sisi huku tumekodoa macho, tunawaona kabisa wale pale na kanzu zao, tunawapungia mikono, wanatupungia. Shehe kasubiri, kala, kasubiri. Pilau limepoa. Mwisho bwana harusi na wazee wanne wakakodi mtumbwi, wamekunja kanzu mpaka magotini, ndoa imefungwa baada ya Isha na wageni wengine wote walibaki ng'ambo ya pili. Mamdogo mpaka leo mumewe akimuudhi anamwambia "ningejua ningemwambia mwenye mtumbwi apige kona".

Hiyo ni ya kucheka. Kuna za kutocheka, mgonjwa usiku wa manane pantoni imelala. Sitaziandika.

Mdau wa Kimara

Na ile ya kupiga mbizi je?

Mtoa mada

Hahaha nlijua itakuja. Januari 2012 nauli ilipanda kutoka 100 kwenda 200. Kwa mtu wa Masaki shilingi mia ni nini, ila piga hesabu nyumba yenye watu watano wanaovuka kwenda na kurudi kila siku. Watu walilalamika sana, na waziri wa ujenzi wa wakati ule, Magufuli, akajibu kwamba asiyeweza kulipa apige mbizi. Iliuma. Ila Mungu ana vituko vyake, Aprili 2016 mtu yule yule, wakati huo ameshakua Rais, ndo kaja kukata utepe wa daraja, akasema liitwe la Nyerere. Bibi yangu alikua anaangalia kwenye tivii akasema "basi tumeshatoka majini".

Daraja lenyewe mnalijua, mita 680, njia sita, kutoka Kurasini kuja kwetu, hela ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, na serikali. Kwa kuwa NSSF lazima arudishe chake magari yakawa yanalipia, na kelele za tozo hazijaisha hata baada ya kupunguzwa 2022. Mimi upande wangu naona ni jambo la ajabu kidogo kwamba tuliobaguliwa na maji miaka yote ndo tunaolipa kuvuka maji, wakati anayetoka Mbezi kwenda Posta anapita bure. Lakini sitaki kubishana hapa, kuna nyuzi zake.

Ardhi sasa, na hapa ndo sukari ya uzi ilipo.

Watu wanadhani daraja ndo lilileta viwanja. Hapana. Ulikuja kwanza ule mradi wa viwanja 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali ikapima Kibada, Gezaulole, Mwongozo na kwingine, watumishi wa mjini wakanunua, wengi bila hata kuja kuangalia. Kabla hawajajenga vizuri, 2008 likaja jambo la Mji Mpya wa Kigamboni. Tukaonyeshwa picha, maghorofa ya vioo, boti, watu wanatembea na mbwa. Na zuio: usijenge, usiendeleze, usiuze, subiri fidia.

Tulisubiri.

Nyumba ya mzee wangu ilikua imefika linta. Alinunua tofali akiwa kazini, mfuko mmoja mmoja wa saruji, miaka saba. Zuio likaja, akaacha pale pale. Mvua zikaingia ndani, mchanga ukalainika, mbegu ya papai ikaota kwenye chumba ambacho kilikua kiwe sebule. Mpapai ukapita linta. Ukazaa. Tulikua tunakula mapapai ya sebuleni, mzee mwenyewe anayachuma bila kusema kitu, anaosha, anakata, anatugawia. Miaka imekwenda, mara eneo limeongezwa, mara wakala ameundwa, mara mikutano ya hadhara wananchi wanazomea, mpaka awamu ya tano ndo mradi ukazikwa na wakala wake ukavunjwa. Mzee alikua ameshatangulia. Mdogo wangu ndo alimalizia ile nyumba, na mpapai alikataa kuukata mwanzoni, ila hauwezi kuezeka bati na mpapai ndani.

Kama unataka kuona ndoto nyingine nenda Dege, huku huku Kigamboni. Zilipangwa nyumba zaidi ya 7,000, za kuangalia bahari. Maghorofa yakapanda, kazi ikasimama, madirisha hayana kitu, upepo wa kusi ukipiga jengo zima linatoa sauti kama mtu anapuliza chupa.

Mdau wa Kibada (mhamiaji)

Mtoa mada unaandika vizuri ila na sisi tuliohamia tusikilizwe. Mimi nimenunua kihalali, kwa mwenyeji, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na mashahidi. Hakuna niliyemfukuza. Nilipofika hapakua na umeme wala barabara, tumechangishana sisi wenye hayo mageti unayoyasema, tumevuta nguzo, leo mwenyeji na yeye kaunganisha. Alafu wenyeji waliuza wakanunua pikipiki, pikipiki zimekufa, sasa sisi ndo tumekua wabaya?

Mtoa mada

Mkuu hujakosea, na nitakupa ushahidi mwingine wa kunikandamizia. Mjomba wangu yule wa ngalawa aliuza ekari mbili za minazi, mwaka 1998, kwa bei ya bati za nyumba moja na chenji kidogo. Hakushikiwa panga. Kwa wakati ule shamba lilikua mzigo, minazi imezeeka, nazi hazina bei, kuvusha gunia kwenda Kariakoo ni kazi, na mtu kaja na noti mkononi. Leo pale pana nyumba nne, na mjomba amepanga chumba Tungi. Akipita anazihesabu.

Kwa hiyo siwalaumu mlionunua. Kinachoniuma ni kitu kimoja, njia.

Zamani kutoka barabarani mpaka baharini ulikua unapita popote, kwenye minazi ya watu, unasalimia "hodi wenyewe", unapita. Sasa pita upande wa Mjimwema uone, ukuta, ukuta, hoteli, ukuta, geti lenye mlinzi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka maji kujaa hazijengwi, sasa nenda na futi yako ukapime. Mjomba akitaka kufika kwenye ngalawa yake anazunguka nusu saa na injini begani. Kina mama waliokua wanakwenda kuchokoa pweza na kuokota chaza maji yakitoka, wamebaki wachache, kwa sababu mwamba upo pale pale ila kuufikia unaomba ruhusa.

Na kuna makaburi. Babu yake mama amezikwa kwenye shamba ambalo liliuzwa na ndugu, wakakubaliana kwa mdomo kwamba makaburi yanabaki yetu. Aliyenunua akamuuzia mwingine, yule mwingine akajenga ukuta. Kila kabla ya Ramadhani tunakwenda kusoma, tunasimama getini kama watu wa kuomba kazi, mlinzi anapiga simu ndani. Mwaka juzi mlinzi alikua mgeni, kijana kutoka bara, mstaarabu tu, akamuuliza mama "mna miadi?" Mama yangu, miaka 70, kanga mbili na Yasini mkononi, akamwambia "mwanangu, miadi ninayo na aliyelala huko ndani." Kijana akafungua bila kupiga simu. Mwenye nyumba mwenyewe hana ubaya, siku hizi anatutolea na maji ya kunywa.

Mdau wa Kibada (mhamiaji)

Hapo kwenye mama umenimaliza. Nakubali njia zingeachwa. Kwetu tuliacha mita nne ila jirani kaweka mabanda ya kuku.

Mdau wa Tabata

Mimi nauliza swali la kishamba. Nafanya kazi Posta, nimepata chumba Kigamboni bei poa. Nihamie?

Mtoa mada

Inategemea Kigamboni ipi, maana kuna kama tano. Ukiwa Feri ya upande wetu au Tungi, umebanana, uswahilini hasa, kelele, singeli usiku, ila unatembea kwa mguu mpaka pantoni na nauli ndo ile 200, na saivi kuna boti ndogo ukiwa na haraka na hela kidogo ya ziada. Hapo hakuna wa Mbezi anayekushinda kuwahi Posta, siku pantoni zote zikiwa nzima. Hizo siku zihesabu vizuri, moja ikienda matengenezo foleni inarudi mpaka barabarani. Ukiwa Kibada unategemea daraja, ukitoka pale unaingia foleni ya Kurasini na malori ya bandarini, andaa roho. Geza na kuendelea mpaka Kimbiji, huko ni kwa mwenye kujenga na subira, dalali akikwambia "dakika tano kutoka lami" muulize dakika tano za nini, za ndege? Na kiwanja usinunue kabla hujakaa kwa mjumbe ukanywa chai, waulize majirani wawili tofauti, mimi mwenyewe nilishauziwa kiwanja ambacho kilikua na wenyewe wengine wawili, tukakutana siku moja wote watatu na mafundi wetu. Tulicheka badae sana.

Maji visima vya karibu na bahari vina chumvi, chai inakataa. Ndani ndani ni matamu, na 2022 ule ukame wa mto Ruvu mliponunua ndoo mjini, visima vya kwetu ndo vikaunganishwa kuvusha maji kuja kwenu. Lile pori la tumbili liliwanywesha.

Mdau wa Mbagala

😂😂 kaka hujasahau tumbili

Swali la mwisho, hayo makaburi ya Mbwamaji mtu wa kawaida anaruhusiwa kwenda kuona? Nina watoto likizo.

Mtoa mada

Sijasahau na sisahau.

Nenda, wapeleke. Pandeni pantoni asubuhi baada ya wafanyakazi kupungua, kama saa tatu, watoto wasimame mbele waone. Upande wa pili chukua daladala za Gezaulole, mwambie konda akushushe Geza, hapo usimfuate bodaboda wa kwanza anayekuita bosi, ulizia msikitini, atatoka mzee au kijana atawapeleka, mpe chochote cha chai. Msipande juu ya kuta, watoto wasichukue hata kipande cha kigae. Mama wa watoto abebe kanga ya kujitanda. Angalia na tarehe ya mwezi kabla hamjatoka, ikiwa mwandamo au mwezi mpevu bahari inatoka mbali sana mchana, mnaweza kushuka kwenye mwamba kutafuta vijikaa na kombe. Vaa raba, kuna wale viumbe weusi wa mviringo wenye miba ya kuchoma, sisi tunawaita mafuma, ukimkanyaga siku imeisha.

Mkirudi jioni ya Jumapili msipange kupanda pantoni ya saa kumi na mbili. Wote waliokuja bichi wanarudi nayo.